Kinene kwa Bodi

...na hii nati ya mwisho ndiyo yenye kiburi kuliko wenzake wote, imejificha nyuma ya mkanda wa feni mahali ambapo spana inageuka kidogo tu halafu inagonga chuma, inabidi uitoe, uirudishe, ugeuze kidogo tena, uitoe, na Nimpaye ameinama ndani ya boneti hadi kiunoni, kitenge amekikaza kwa mafundo mawili, jasho linamwingia jichoni na hana mkono wa kulipangusa, maana mmoja umeshika spana na wa pili umeshikilia lile dainamo ambalo si dainamo, ni ganda, ganda la dainamo la zamani lililopasuliwa kwa msumeno wa chuma, likatolewa utumbo wote, likavishwa juu ya alternata ndogo, mashine ya kisasa ya kuchaji betri, ya kigari cha Kijapani kama mtu anavyovishwa koti la marehemu babu yake, na ukitazama huoni kitu, na ukipapasa hupati kitu, hilo la kupapasa ndilo kubwa, kwa sababu nyuma yake, pale mlangoni mwa banda, baba yake mzee Leonidasi amekaa kwenye kigoda na betri mapajani, amelikumbatia kwa mikono miwili, na macho yake yaliyokwisha kufa ameyaelekeza kwenye sauti ya spana.

“Tayari, Nimpaye?”

“Bado kidogo, baba.”

Bado kidogo, bado kidogo, tangu asubuhi wimbo ni huo, na baba hana haraka, baba anasimulia, ameshaanza ile ya mwaka sabini na mbili, usiku wa kutoka Burundi, Nimpaye anaijua kama anavyoijua Salamu Maria, anaweza kuacha sikio moja huko na akili yote huku kwenye nati... sasa anafika mahali mama aliwalaza watoto chini ya mkeka nyuma ya landrova, sasa mama anataka kuwasha taa na baba anamkataza... na kumbe hii nati si mbaya, ni uzi wa bolti tu una kutu, tone la mafuta lingeisaidia, lakini kopo la mafuta liko miguuni mwa baba, lile kopo dogo lenye mdomo mrefu, la kila Jumapili kabla ya misa, baba anapapasa injini yote, anagusa kila kitu kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mkutano, radieta, kabureta, koili, dainamo, na nyuma ya dainamo kuna kitundu, hapo anatia tone moja, moja tu, halafu anasema haya twende kanisani, na alternata haina haja na tone la mtu, kwa hiyo Nimpaye amefanya nini, amekiacha kitundu pale pale, amefunga ndani yake kipande cha godoro ili kinywe mafuta ya baba Jumapili baada ya Jumapili bila yeye kujua, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, kumpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa kopo lake mwenyewe, Mungu amsamehe, lakini ataifanya. Keshaapa. Hata jua lisimame.

Kwa sababu mdogo wake Aline yuko pale uani anachambua maharage, tumbo limemtangulia, kila akitaka kusogeza ungo anashika kwanza kiuno na kupumua, na Koleta mkunga alipita asubuhi, akambonyeza, akatoka nje ndipo akamwambia Nimpaye, wiki hii haiishi, mama, na mtoto amekaa vibaya tena, msingoje uchungu ukolee, mkiona dalili tu mpelekeni Biharamulo... mpelekeni, kwa gari gani, pikapu zote za Nyakanazi zimekodiwa kwenye makambi ya wakimbizi, zinabeba unga na mablanketi mchana kutwa, barabara kuu imejaa magari meupe yenye bendera na hakuna hata moja litakaloingia huku Nyamahanga kumfuata mwanamke mmoja, gari ni hili, hili hili kongwe la baba, hakuna lingine, na mwaka jana lilikuwa hili hili.

...mwaka jana, mvua kama hizi za Novemba, Aline nyuma kwenye godoro, Nimpaye kwenye usukani, baba pembeni yake, jioni ikaingia mapema kwa ajili ya wingu, taa zikawashwa, waipa zikawashwa, na tope lile la bondeni halitaki mwendo, linataka gia ya kwanza na uvumilivu, na dainamo likienda polepole halichaji, ndivyo lilivyoumbwa, linataka mbio, kwa hiyo kila walivyojivuta ndivyo mshale wa chaji ulivyolala kushoto, taa zikawa njano, zikawa nyekundu, zikawa kama kibatari kinachoisha mafuta, waipa ikasimama katikati ya kioo, injini ikakohoa mara moja na ikanyamaza, na katika kimya kile wakasikia mvua juu ya bati la gari na Aline anaita Nimpaye, Nimpaye, Nimpaye, kama vile Nimpaye alikuwa mbali... basi, basi, nati, geuza nati... lori likatokea baadaye sana, dereva mwenye huruma akawaazima betri, gari likawaka, wakafika, na Aline akapona, na mtoto hakupona, mtoto wa kike, alizikwa na sweta aliyofumiwa, na baba kwenye matanga aliinua kidole akasema ni maji, maji yaliingia kwenye waya, dainamo halina kosa, dainamo hili lilitutoa Burundi, na hakuna mtu atakayebadilisha kitu katika gari hili nikiwa hai. Watu wakaitikia. Nimpaye hakuitikia. Alikuwa anatazama mikono ya Aline ambayo haikujua ikae wapi.

“...nikamwambia mama yenu, usiwashe,” baba anasema nyuma yake, “ukiwasha tumekwisha, wako pale barabarani. Nipe betri tu. Nikalifunga gizani. Nimpaye, unanisikia?”

“Nakusikia, baba.”

“Kwa vidole tu. Kinene kwa bodi, chembamba kwa waya.”

Kinene kwa bodi. Nyumba hii watoto hawajui kusema shikamoo wanajua kinene kwa bodi, betri lina vichwa viwili, kimoja kinene ndicho chanya, kingine chembamba ndicho hasi, na magari ya umri huu yaliumbwa hivyo, chanya inafungwa kwenye bodi la gari, na Nimpaye alifundishwa akiwa mdogo, amefumbishwa macho kwa kitambaa, baba anamshika kidole gumba anakiweka juu ya kichwa cha betri, hiki unene wake unausikia, ego, ndiyo, hiki ndicho cha bodi, hata usiku, hata mvua, hata ukilia, kinene kwa bodi, na tangu wavuke mpaka wa Kabanga betri halijalala ndani ya gari hata siku moja, jioni linafunguliwa linaingia chumbani kwa baba, linalala chini ya kitanda chake, asubuhi linatoka, zamani alilibeba peke yake, sasa anashikwa mkono lakini kulifunga halifungi mwingine, hiyo ndiyo kazi iliyobaki duniani ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya, watu wa soko la Nyakanazi wanacheka, mzee analala na betri kama na mke, wacheke, wao hawakulala chini ya mkeka ule.

Na Methusela alichosema ni nini, Methusela fundi wa kuchomelea pale Nyakanazi, Msukuma mmoja mpole mwenye mikono kama majembe, alipomaliza kulivisha ganda akalizungusha kwa kidole likazunguka vizuri, akalipangusa, halafu hakumpa, alilishika kwanza. “Mayu,” akasema, kwao mwanamke yeyote wa heshima ni mayu, “sikiliza vizuri. Dainamo ni mpole, ukimgeuzia waya anakuvumilia. Hii haina uvumilivu. Hii inataka hasi kwenye bodi. Ukiifungia betri kwa mtindo wenu wa zamani, mara moja tu, moshi, basi, umebaki na ganda.” Nimpaye akasema nimesikia. Akasema nani anafunga betri kwenu. Nimpaye akasema mimi. Uongo huo ulitoka bila hata kumeza mate, akashangaa mwenyewe jinsi ulivyokuwa mwepesi, na njia nzima ya kurudi alikaa juu ya magunia ya chumvi na lile ganda mapajani, kama baba na betri lake, akifikiri tu, hasi ni chembamba, chembamba kwa bodi, nitamwambiaje mzee chembamba kwa bodi, ni sawa na kumwambia asali Baba Yetu kuanzia amina.

Ndipo akapata dawa. Iko mfukoni mwa blauzi sasa hivi, inamgusa ubavu kila akivuta spana, kipete cha madini ya risasi alichokiponda mwenyewe kutoka kwenye vyuma vya betri bovu, akakipima, akakikwangua, akakipima tena, kinaingia kwenye kichwa chembamba kikae tuli, na chembamba kinakuwa kinene, na tupa iko chini ya kiti, kwa kile kinene cha kweli, ukikisugua pande zote kinapungua kikawa chembamba, basi, kazi imekwisha, baba atapapasa, atasikia unene, atafunga kinene kwa bodi kama alivyofunga miaka yote, na kitakuwa ni hasi, na hakuna moshi, na hakuna ugomvi, na mzee atabaki na sheria yake na Aline atapata taa zake, mtu gani angefikiria hivyo, hata Methusela hakufikiria hivyo. Anachohitaji ni betri kwa muda mfupi tu. Baba aache betri akaoge, akale, akaitwe na jirani. Lakini baba haachi betri. Amelikumbatia tangu asubuhi maana ameahidiwa leo litafungwa, dainamo limerudi kutoka kutiwa brashi mpya, vile vipande vya kaboni vya ndani, hivyo ndivyo alivyoambiwa, brashi, brashi zinaruhusiwa.

“Hizo brashi ulizipata nzuri?” baba anauliza, kana kwamba amesikia neno likipita kichwani mwake.

“Nzuri, baba.”

“Ukimaliza nishikishe.”

Nishikishe. Tangu macho yalipomwisha hajawahi kusema nionyeshe, hata kwa kusahau, anasema nishikishe mtoto wa Aline, ndiyo, alisema hivyo mwaka jana kule hospitali, nishikishe, wakamshikisha, akampapasa paji la uso na masikio na kidevu, akasema pua ni ya mama yenu... geuza, Nimpaye, geuza spana, utamaliza siku nzima hapa, na nati sasa imekubali, inazunguka, inakaa, mkanda unajikaza juu ya puli, anaubonyeza kwa kidole, umekaa sawasawa, yule Manirakiza alimwonyesha namna ya kuubonyeza, Manirakiza mwenye kigari, alivuka nacho Kabanga mwaka jana huo huo na mke na watoto na mama yake mzee juu ya mabegi, kikafika hapo kikaishiwa mafuta, akakaa nacho kando ya barabara anakiuza kipande kipande, viti kwanza, halafu magurudumu, halafu milango, watoto wanalala ndani ya kilichobaki, na Nimpaye alipokwenda na mbuzi wa kulipia kuchukua alternata yule bwana aliifungua mwenyewe, akaifunga katika sweta ya mtoto isikwaruzike, akasema hii mama haififii, hata gari likisimama na injini inaunguruma tu, taa zinabaki nyeupe, halafu akawaita watoto wake, wote, akawaambia, tunatoa hii leo, inakwenda kwenye gari lingine, iageni, na watoto wakaigusa mmoja mmoja. Nimpaye aliona ni upuuzi. Au hakuona ni upuuzi, alitaka tu kuondoka haraka. Mtu ameuza gari lake hadi mlango lakini hakutoa hata kipande kimoja kwa kuwaficha waliolipanda.

“Macho yangu yalidanganywa mara nyingi,” baba anasema, hadithi imeshavuka mpaka, imefika kwenye majivuno, sehemu anayoipenda, “askari alinidanganya, mnunuzi wa kahawa alinidanganya, vidole hivi bado.” Anacheka. Anagonga kichwa cha betri kwa kucha, tik, tik. “Wa kuvidanganya hivi bado hajatokea.”

Atatokea leo, baba, ametokea, yuko hapa ameinama ndani ya boneti yako na kipete mfukoni, mtoto uliyemfumba macho ukamfundisha... nyamaza. Nyamaza, Nimpaye. Si wakati wa kulia juu ya kichwa cha betri. Unataka nini, unataka gari lifike Biharamulo na taa nyeupe, basi, hilo tu, mengine yote ni mapambo, mzee akidanganywa vidole hatakufa, mtoto akikwama bondeni atakufa, pima mwenyewe, na amepima, amepima usiku na mchana, na kila akipima jibu ni kipete. Betri litafungwa, uchungu utaanza, tutaondoka, mvua itanyesha, tutafika kwenye tope, gia ya kwanza, taa nyeupe, mshale umesimama, hatutakwama, na hata tukikwama...

Hata tukikwama. Spana inasimama.

Hata tukikwama lori litatokea, atashuka dereva mwenye huruma kama yule, atasema mama chukueni betri langu muwashie, na ni nani aliyelipokea betri lile mwaka jana, Nimpaye alikuwa nyuma amemshika Aline, ni baba aliyeshuka, peke yake, kipofu ndani ya mvua, akipapasa bati la gari hadi mbele, akalipokea betri la watu kifuani, na akacheka, kweli alicheka, akasema kwa sauti ili wasikie huko nyuma, hata usiku, hata mvua, akavipapasa vichwa vyake, na akalifunga mara moja tu bila kukosea, kinene kwa bodi... betri la watu. Betri ambalo halina kipete. Betri ambalo kinene chake ni kinene cha kweli. Na safari hii atafanya vile vile, kwa fahari ile ile, kabla hajaombwa, kwa sababu ndiyo kazi yake, na patatoka moshi mmoja chini ya boneti na harufu, naye hatajua ni nini, atasema ni maji, na nyuma Aline anaita.

Haitafika huko. Alternata haimwachi mtu njiani, Manirakiza alisema, Methusela alisema, hii haina kosa, hii... na Nimpaye anasikia maneno hayo ndani ya kichwa chake na anaijua sauti, si yake, ni ile ya matangani, ya kidole kilichoinuliwa, dainamo halina kosa. Kumbe kiburi hakikukaa kwa mzee peke yake. Kumbe alikuwa anakitunza naye, mfukoni, kimepondwa vizuri, kimekwanguliwa, kinakaa tuli.

Anavuta pumzi. Harufu ya petroli na vumbi la mkanda. Huko uani Aline ameacha kuchambua, anajinyoosha mgongo, anaguna, anaanza tena. Si kwamba amelegea, asije mtu akasema Nimpaye alilegea, gari hili litafika Biharamulo, liwe limeambiwa au halijaambiwa, ila sasa anaona kwamba kuna waya mmoja hajaufunga, na ndio waya mkubwa, na hauko ndani ya boneti. Mzee atakasirika. Atasema mmenizika. Atasema nilikataza mbele za watu. Pengine atabeba betri arudi nalo chumbani na kulifungia mlango, na hapo Nimpaye ataupiga mlango huo bega, kweli ataupiga, atamwambia baba, ile pua uliyoipapasa, ya mama, je, unataka kupapasa nyingine iliyopoa vile vile, atamwambia neno hilo lililomkaa kooni mwaka mzima, na likimuua mzee na limuue yeye, lakini alifunge betri akijua. Vidole vile si vya kudanganywa. Ni vya kufundishwa upya, kama alivyofundishwa yeye, hata kama mwalimu ameshika kitambaa na analia.

“Tayari?” baba anauliza.

Anatoa mkono kwenye injini. Anajinyoosha, mgongo unalia, anageuka, na baba yuko vile vile alivyokuwa, kigoda, betri, kopo la mafuta miguuni, kuku mmoja mweupe karibu na kiatu chake, kidole gumba juu ya kile kichwa kinene kikikisugua taratibu bila mwenyewe kujua. Nimpaye anaingiza mkono mfukoni, anakitoa kipete, anakitupa ndani ya kopo la nati chakavu, kinalia ting.

“Nini hicho?”

“Takataka, baba.” Anameza mate, safari hii anameza. “Baba, usisimame kwanza. Hili nililofunga si dainamo. Ni ganda lake tu, ndani kuna mashine nyingine, nimeitia kwa ajili ya Aline, nimeitia kwa siri na ningekuficha mpaka mwisho. Na kuanzia leo kinene hakiendi kwa bodi.”

Lori linapita mbali kwenye barabara ya Nyakanazi, linabadilisha gia, linapotea. Kile kidole kimeacha kusugua. Kimekaa pale juu ya kinene, na midomo ya mzee Leonidasi inajaribu neno na kuliacha, inajaribu lingine, na Nimpaye amejiandaa kuipokea hasira yake, amekaza magoti kabisa.

“Na Jumapili,” anasema mzee, polepole, “mafuta nitatia wapi?”

Jibu analo, liko mle ndani limefungwa, kipande cha godoro, alilitengeneza mwenyewe.

“Hakuna pa kutia, baba,” anasema. “Kile kitundu ni cha bure.”

Mzee anainamisha kichwa upande ambao Aline anaguna.

“Basi nishikishe,” anasema, na betri bado liko mapajani mwake.